Betri Tatu na Kijana Mmoja

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikibishana na bajeti, na katiba, na miswada inayopelekwa bungeni kwa hati ya dharura. Leo naomba radhi: nitaandika kuhusu pikipiki. Nitaingia hata kwenye nyaya zake, maana jambo ninalotaka kuungama halieleweki bila kujua umeme wa pikipiki unazalishwa wapi, unapita wapi na unapotelea wapi. Atakayechoshwa na volti na ampea anaweza kuruka aya mbili tatu, ingawa ningependa asiruke. Ni kuruka huko huko kulikonifikisha nilikofika.

Pikipiki yenyewe ni ya cc 150. Niliinunua mwezi Juni mwaka jana, hapa Morogoro, kwa shilingi 2,900,000 pamoja na usajili na bima, kwa nia ambayo watumishi wengi wenzangu wanaifahamu: mshahara una mwisho wake na ada za watoto hazina. Nikaitoa kwa mkataba. Kwa msomaji asiyeujua utaratibu huu, mkataba wa bodaboda maana yake ni kwamba dereva huleta hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa miezi 14. Siku ya mwisho chombo kinakuwa chake. Akishindwa katikati, mwenye chombo anakichukua, na fedha zilizokwisha kulipwa zinahesabiwa kuwa kodi. Ukizidisha utaona kwamba dereva analipa 3,640,000 kwa chombo cha 2,900,000, na kwamba mwenye mali hana namna ya kupata hasara. Nimewahi kuandika hapa maneno makali kuhusu mikataba ya aina hiyo kati ya nchi maskini na wakopeshaji wao. Ya kwangu niliiita kumwezesha kijana.

Nitamwita Kijana tu, kwa sababu jina lake ni mali yake na sijaomba ruhusa ya kulitumia. Ana miaka 24, ana mke na mtoto mmoja. Alikuja kwangu akiwa na leseni halali, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake na shati lililopigwa pasi. Mkataba niliuandika mwenyewe, ukurasa mmoja, na kifungu nilichojivunia zaidi kwa ufupi wake kilisema: ubovu wowote utakaotokea chombo kikiwa mikononi mwa dereva ni jukumu la dereva. Kabla ya kumkabidhi ufunguo nilipeleka pikipiki kwa fundi mmoja akaifunge GPS, ili niweze kuona kwenye simu yangu ilipo saa yoyote ya usiku na mchana. Kijana hakupinga. Aliuliza tu kama kifaa hicho kitakula betri. Nikacheka, nikamwambia kinatumia umeme kidogo kuliko saa ya ukutani.

Kwa miezi tisa sikuwa na neno la kumlaumu. Alipenda kufanya kazi usiku, katika stendi ya Msamvu. Tangu mabasi ya masafa marefu yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, abiria hushuka pale saa nane, saa tisa, wakiwa na mizigo na usingizi, na nauli ya saa hizo si nauli ya mchana. Hesabu yake ilifika kwa simu kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Mvua za masika zilipoanza, mambo yakabadilika. Mwishoni mwa Machi alinipigia alfajiri: pikipiki imezima njiani, taa zimefifia mpaka zikawa kama mshumaa, kisha kila kitu kikafa. Fundi wa kijiweni alitazama, akatamka hukumu ambayo kila mwenye pikipiki ameisikia: betri imekufa. Kijana akanunua mpya kwa shilingi 45,000 za mfukoni mwake, kama kifungu changu kilivyoagiza. Wiki mbili na nusu baadaye hali ikawa ile ile. Safari hii fundi alisema rektifaya ndiyo inayoua betri. Rektifaya 25,000, ufundi 10,000, betri ya pili 45,000. Kwa kuwa mimi ni mtu wa huruma nikachangia nusu ya bei ya betri, na nikahakikisha anajua kwamba nimechangia.

Mwishoni mwa Aprili ikafa tena.

Hapo ndipo akili yangu ya kisomi ilipoanza kazi. Nilikuwa na ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza: pikipiki iliwaka vizuri kila mchana. Nimeiona mwenyewe ikija nyumbani saa sita, honi ikilia, stata ikiitika kwa mguso mmoja. Ilikufa usiku tu, saa ambazo hakuna shahidi. Wa pili ulitoka kwenye simu yangu. GPS ilionyesha kwamba katika wiki hizo mbili chombo kilisimama mara tano mahali ambapo hapana abiria wala stendi, kando ya barabara ya kwenda Kihonda, kwa saa moja, saa mbili, mara moja kwa saa nne nzima, mpaka kulipokucha. Nikaunganisha mambo. Kijana anasimama gizani, anatoa betri mpya, anaiuza, anaweka kuukuu, kisha ananipigia simu kwa sauti ya huzuni. Nilipofungua kiti nikaona betri ya wiki mbili imejaa matope, nikasema moyoni: hii si ile.

Nilimwita nyumbani siku ya Jumatatu. Alisalimu, “Shikamoo, Dokta.” Niliitikia, kisha nikamwonyesha ramani kwenye simu.

“Hapa ulikuwa unafanya nini saa nne nzima?”

“Hapo ilizima, Dokta. Nilisubiri kupambazuke. Kusukuma gizani bila taa ni kugongwa na malori.”

“Na betri mpya iko wapi?”

Alinitazama kwanza, kana kwamba anahakikisha kuwa swali ni lile alilolisikia. Akasema, “Ndiyo hiyo.” Sikuuliza la tatu. Nikanyoosha mkono, akaweka ufunguo juu ya meza, akaaga kwa adabu ile ile aliyoingia nayo na kwenda zake kwa miguu. Alikuwa amekwisha lipa miezi 11, shilingi 2,860,000. Pungufu ya shilingi 40,000 kufikia bei niliyoinunulia.

Niseme hapa jambo ambalo wanafunzi wangu wakilisoma watalitambua mara moja. Katika somo la uwajibikaji katika utumishi wa umma, kila mwaka natumia muhadhara mzima kuzungumzia kipindi cha kuanzia mwishoni mwa 2015, wakati nchi yetu ilipojifunza msemo wa kutumbua majipu. Huwauliza: mtumishi anapoondolewa kazini jukwaani, mbele ya kamera, ni nani amepima? Nawakumbusha kwamba hata wakaguzi wa Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali huandika hoja kwanza na kuwapa wakaguliwa nafasi ya kujibu kabla ripoti haijafungwa. Nawasomesha Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, ile ya haki ya mtu kusikilizwa kikamilifu. Muhadhara huo huwa naufurahia. Mwaka huu niliufundisha siku ya Jumanne, siku moja baada ya ufunguo kuwekwa juu ya meza yangu, na sikuona uhusiano wowote.

Pikipiki ilikaa barazani siku 19. Nilikuwa natafuta dereva mwingine. Siku ya 17, mtoto aliyetumwa alileta barua yenye mhuri: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa ananiita ofisini kwake Jumamosi saa tatu asubuhi, kuna malalamiko. Nilikasirika kweli kweli. Nikaamua kwenda na ushahidi ambao hautakuwa na jibu. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita kabla sijahamia kwenye siasa, na multimita ninayo, niliinunua wakati nafunga umeme wa jua nyumbani. Ningepima betri ile, ningethibitisha kwamba ni kuukuu, basi.

Usiku wa Alhamisi niliichomoa nikaichaji kwa chaja ya ndani mpaka asubuhi, nikaiacha ipumzike saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu. Betri ya volti 12 iliyo nzima na iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.0 iko karibu na utupu. Ya kwangu ilisoma 12.7. Nikairudisha mahali pake, nikabonyeza stata huku naitazama mita: ikashuka mpaka 10.6, injini ikawaka, ikapanda. Betri iliyochoka ingeanguka chini zaidi. Kwa kila kipimo nilichokijua, hii ilikuwa betri mpya. Ilikuwa ile ile. Matope yalikuwa matope ya masika.

Ningependa kuandika kwamba niliona aibu hapo hapo. Kwa kweli nilichokiona kwanza ni usumbufu, kama mwanasheria ambaye shahidi wake amemgeuka. Nikaendelea kupima kwa matumaini kwamba kosa jingine la Kijana litajitokeza mbele.

Mwaka 1831 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanzia maisha katika karakana ya kujalidi vitabu jijini London, alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Pikipiki ni ugunduzi huo ukizungushwa maelfu ya mara kwa dakika. Upande mmoja wa injini kuna gurudumu zito lenye sumaku, na ndani yake kumekaa koili zisizozunguka. Kutoka kwenye koili hutoka nyaya tatu, mara nyingi za njano, zikibeba umeme wa kwenda na kurudi, ambao volti zake hupanda kadiri injini inavyokimbia. Umeme huo haufai kuingia kwenye betri. Hupita kwanza kwenye rektifaya, ambayo inafanya kazi mbili: inaugeuza utiririke upande mmoja, na inaudhibiti usizidi volti 14 na kidogo. Kutoka hapo waya mwekundu huupeleka kwenye betri na, kupitia fyuzi na swichi, kwenye taa na vingine vyote. Kwa hiyo betri ni ghala. Shamba ni koili.

Ukishaijua njia hiyo, kupima ni kuifuata. Niliwasha injini, taa zikiwa zimezimwa, nikapandisha mzunguko. Kwenye betri mita ilisoma 13.4. Si vizuri sana, lakini inachaji. Nikawasha taa kubwa. Ikashuka mpaka 12.5, na injini iliposhushwa ikaenda 12.1. Nikazima taa, ikapanda. Nikawasha, ikashuka. Nilifanya hivyo mara nne, tano, mke wangu akatoka nje kuuliza kama nimepatwa na jambo.

Mchana bila taa, chombo kinajichaji. Usiku kwa taa, kinakula akiba yake mpaka kinakauka. Saa mbili au tatu za kazi ya usiku na ghala ni tupu. Sababu niliyoitumia kumtia hatiani Kijana, kwamba pikipiki inakufa usiku tu, ilikuwa ndiyo dalili kubwa kuliko zote za ugonjwa wenyewe, na ilikuwa mikononi mwangu tangu mwezi Machi. Na betri mbili za kwanza? Zilikufa kweli, fundi hakudanganya. Betri ya risasi na asidi ikiachwa na chaji ndogo mara kwa mara, sahani zake hujijenga ukoko wa salfeti ambao baadaye hauyeyuki, na uwezo wake unakwisha. Zilikufa kwa njaa, na kila moja tuliizika kama mkosaji na kununua nyingine tuje tuinyime chakula.

Ijumaa baada ya kazi nilirudi kwenye nyaya. Nilizichomoa zile tatu za njano kutoka kwenye rektifaya, nikaweka mita upande wa umeme wa kwenda na kurudi, nikapima jozi baada ya jozi injini ikikimbia. (Atakayejaribu asiguse ncha kwa vidole, volti hizo si za mchezo.) Jozi zote tatu zilisoma karibu 50, sawa kwa sawa. Na injini ilipozimwa, hakuna waya hata mmoja uliokuwa umegusana na bodi. Koili ni nzima. Nikarudisha soketi, nikapima mahali umeme unapotokea kwenye rektifaya, taa zikiwaka: 14.3. Nayo ni nzima, na bila shaka hata ile ya zamani tuliyoitupa ilikuwa nzima.

Msomaji, tafadhali itazame hali hii kama nilivyoitazama mimi nikiwa nimechuchumaa barazani na tochi mdomoni. Rektifaya inasema 14.3. Betri, hatua moja kutoka hapo, inasema 12.5. Zote mbili zinasema kweli. Volti 1.8 zimepotelea njiani. Na rektifaya haiwezi kujua, kwa sababu inapima mlangoni kwake. Inaona kiwango kimetimia, inaridhika, inazuia umeme zaidi usitoke, huku ghala linakauka upande wa pili wa waya. Nimekaa katika kamati nyingi za kutathmini miradi, na ningeweza kutaja taarifa ngapi nilizozipitisha ambazo zilipimwa mlangoni kwa mtumaji: vitabu vimesambazwa, dawa zimetoka ghalani, fedha zimeshuka halmashauri. Tarakimu zilikuwa sahihi. Sikumbuki kamati hata moja iliyoweka ncha ya pili ya mita kwenye rafu ya zahanati.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho mafundi wetu wengi hawakitumii, na nakiandika hapa kwa faida ya wenye pikipiki. Usipime betri peke yake. Weka ncha moja ya mita kwenye waya mwekundu unapotoka kwenye rektifaya, na ncha nyingine kwenye kichwa chanya cha betri, injini ikikimbia na taa zikiwaka. Waya mzima utasoma sehemu ndogo tu ya volti, 0.1 au 0.2. Wangu ulisoma 1.8. Kisha sogeza ncha hatua kwa hatua kando ya waya. Hesabu inapobadilika ghafla, simama.

Ilibadilika chini ya tangi, mahali palipofungwa kwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kushikamana. Nilipoibandua nikaona shaba iliyogeuka kijani na nyeusi, nyuzi chache tu zikiwa bado zimegusana. Kiungo hicho hakikutoka kiwandani. Mtu aliukata waya mwekundu, akausokota tena kwa vidole pamoja na waya mwembamba wa tatu, akazungushia tepu bila kulehemu, akaondoka. Nikaufuata ule mwembamba kwa tochi. Uliingia kwenye kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti.

Ilikuwa GPS.

Nilikaa chini barazani. Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na kwa kanuni hiyo kila kitu kinahesabika. Kwa taa, plagi na mengineyo, waya ule hubeba kama ampea 6. Volti 1.8 kwa ampea 6 ni kizuizi cha omu 0.3, kitu kidogo ambacho multimita za bei nafuu hazikipimi kwa uhakika. Lakini umeme unaopotea hapo ni wati 11 hivi, zikigeuka joto ndani ya kiungo kisichozidi ukubwa wa punje ya muhindi. Joto linaongeza kutu, kutu inaongeza kizuizi, kizuizi kinaongeza joto. Kwa miezi tisa ya kiangazi na vuli kiungo kilivumilia. Masika ilipokileta maji, kikaanza kufa. Kifaa nilichokifunga kwa kutomwamini Kijana ndicho kilichoiharibu pikipiki, na kisha kikanipa ramani ya kumshtaki kwa uharibifu huo. Zile saa nne kando ya barabara ya Kihonda zilikuwa saa nne za mtu aliyekaa gizani na chombo cha thamani, akikilinda.

Matengenezo yalinichukua chini ya saa moja. Nilikata sehemu iliyooza, nikasugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, nikalehemu, nikavisha mpira wa kuhami. GPS sikuirudisha. Nikawasha injini, nikawasha taa: 14.1 kwenye betri. Taa kubwa ilimulika ukuta wa jirani kwa mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu mwaka jana. Gharama yote, ukitoa risasi ya kulehemia ambayo nilikuwa nayo, ilikuwa shilingi 2,000.

Usiku huo niliandika hesabu kwenye karatasi safi. Betri ya kwanza, 45,000. Nusu ya betri ya pili, 22,500. Rektifaya, 25,000. Ufundi, 10,000. Jumla ya deni langu kwa Kijana: shilingi 102,500. Nikazitia fedha hizo kwenye bahasha, na nikaandaa maneno. Nilitaka kwenda ofisi ya mtaa kabla hajasema lolote, niombe radhi mbele ya Mwenyekiti, nikabidhi bahasha na ufunguo, mambo yaishe kiungwana. Nakiri kwamba nilipolala nilikuwa nimeanza kujisikia vizuri.

Jumamosi nilifika na pikipiki. Kijana alikuwa amekwisha fika, ameketi kwenye benchi nje, shati limepigwa pasi. Akasimama. “Shikamoo, Dokta.” Sijui kama nimewahi kuitikia marahaba kwa shida kama siku ile.

Ndani nilisema yote niliyoyapanga, na yale ya GPS pia, ambayo sikuwa nimeyapanga. Mwenyekiti, mzee aliyestaafu reli, alitaka aelezwe mara ya pili kuhusu kile kiungo. Alitikisa kichwa, akasema kwamba kwenye reli walikuwa wakiita uzembe wa aina hiyo kufunga mwiba kwenye kidonda. Niliweka bahasha na karatasi mezani. Nikaweka ufunguo juu yake.

Kijana aliisoma karatasi taratibu, mstari kwa mstari, akairudisha mahali pake. Hakuigusa bahasha.

“Hesabu yako ni sahihi, Dokta,” alisema. “Hiyo ni ya vifaa.”

Akatoa mfukoni daftari dogo la shule, limekunjwa katikati, kurasa zimelowa na kukauka mara nyingi. Humo alikuwa ameandika, kwa kalamu za rangi mbalimbali, kila usiku ambao chombo kilizima, abiria aliowaacha njiani, fedha alizomlipa mwenzake wa kumkokota, hesabu ya 10,000 aliyoniletea asubuhi yake hata kwa siku ambazo hakupata kitu, na aliyemkopesha. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari 19, tarehe tu, bila tarakimu mbele yake.

Mwenyekiti alinigeukia. “Dokta, hizi unazo kwenye karatasi yako?”

Nikamjibu kwamba sina. Nikavuta kiti karibu na meza na kumwomba Kijana anisomee kuanzia mstari wa kwanza. Alilainisha daftari kwa kiganja, akaanza na usiku wa tarehe 27 Machi.